Sanamu ya Mama na Mtoto: Udongo, Shaba na Heshima



Wapenzi wasikilizaji, nanyi mnaosoma kijitabu hiki katika vijiji vya pande za Likasi, Kambove na Kapolowe, somo letu la leo ni somo la historia. Lakini ni historia iliyo karibu sana na nyumba zenu, kwa maana inahusu kitu mnachokitazama kila siku.

Katika nyumba nyingi za wakristu imo sanamu ndogo ya Bikira Maria amemshika Mtoto Yesu. Wengine wanayo ya plasta, wengine ya mti, wengine ni karatasi tu iliyobandikwa ukutani. Siku moja jirani huingia, huitazama, kisha huuliza: "Ee mama, si mlisema mmeacha hirizi na vinyago vya wazee? Basi, hiki ni nini? Udongo si udongo?"

Swali hili si baya, wala halistahili kujibiwa kwa hasira. Jirani ameuliza jambo ambalo Eklezya yenyewe imejiuliza tangu zamani. Nalo lina hatari mbili. Mkristu asiyejua jibu lake huweza kuona haya, akaificha sanamu yake sandukuni. Au huweza kuanguka upande wa pili, akaifanya sanamu kuwa hirizi mpya: akaiweka shambani ili imtishe mwizi, akaifunga mtotoni ili imkinge na uchawi. Wa kwanza amemkana Mama yake. Wa pili amerudi kule alikotoka, ila amebadili jina tu. Tukitaka kushika njia iliyo katikati, yafaa tuwatazame watu wa mji mmoja wa mbali, ambao miaka 600 iliyopita walijaza nyumba zao sanamu za namna hiyo, wakapata nao kujifunza namna ya kuzitumia.

1. Sanamu ya ukutani

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Kuna picha, ambayo ni bapa kama kitambaa. Kuna sanamu nzima, ambayo mtu huweza kuizunguka na kuona mgongo wake. Tena kuna ya tatu, iliyo kati ya hizo mbili: ni ubao wa udongo, wa jiwe au wa shaba, na sura za watu zimetokeza juu yake, lakini mgongo wao umeshikamana na ubao. Mmekwisha kuiona namna hiyo. Tazameni kichwa cha mtu juu ya sarafu, au Bikira Maria juu ya medali mnayovaa shingoni. Tazameni pia kazi ya mafundi wa Lubumbashi, ambao hufua bamba la shaba kwa nyundo na patasi butu, hata sura ya mwanamke atwangaye ikatokeza mbele. Kazi ya namna hiyo sisi hapa tutaiita sanamu ya ukutani.

Mji wetu wa mbali ni Firenze, katika nchi ya Italia. Kati ya mwaka 1400 na 1500 mji huo ulikuwa na matajiri wenye kufanya biashara ya sufu, hariri na fedha, na mafundi wake walikuwa na sifa katika nchi zote za Ulaya. Wataalamu huziita zama hizo Renesansi, yaani kuzaliwa upya kwa elimu na ustadi wa kale. Lakini msidhani watu wake walikaa kwa raha. Mwaka 1348 tauni iliingia, ikaua nusu ya watu wa mji au zaidi, na baadaye ilirudi mara nyingi. Watoto wachanga walikufa kwa wingi. Mama wa Firenze alipomtazama Maria amemkumbatia Mwanawe, alimtazama kama mama mwenzake, mwenye kujua hofu ile ile.

Katika miaka ya kwanza ya karne hiyo, padri mmoja wa shirika la Wadominiko, jina lake Giovanni Dominici, aliandika kitabu kwa ajili ya mama mmoja wa jamaa kubwa, Bartolomea degli Alberti, kumfundisha jinsi ya kuwalea watoto wake. Padri huyo, ambaye baadaye alifanywa Kardinali, alimshauri aweke nyumbani sanamu za Mtoto Yesu na za watakatifu walipokuwa wadogo. Sababu yake ilikuwa nyepesi: mtoto humpenda mtoto mwenzake. Akimwona Yesu anyonyaye, au Yesu alalaye katika mapaja ya mama yake, atajiona yeye mwenyewe humo, na atajifunza kumpenda kabla hajajua kusoma.

2. Udongo wa Luca

Basi, watu wengi walitaka sanamu. Lakini marumaru ni jiwe ghali, na huchongwa polepole. Dhahabu ni ya wafalme. Mafundi wa Firenze wakarudi kwenye kitu kilichodharauliwa, yaani udongo. Udongo hufinyangwa upesi, hukaushwa kivulini, huchomwa katika tanuru, nao huwa mgumu kama tofali. Ninyi mnaochoma matofali kwa udongo wa vichuguu mnajua kazi hiyo kuliko walimu wa mjini. Mnajua pia kwamba udongo mnene hupasuka motoni. Mafundi wale walijua hivyo pia; ndiyo maana waliichimba sanamu kwa nyuma, wakaacha ganda tu, ili moto upenye sawasawa.

Miongoni mwao alikuwapo Luca della Robbia, aliyezaliwa karibu na mwaka 1400. Alikuwa mchongaji hodari wa marumaru. Kati ya mwaka 1431 na 1438 alichonga ukumbi wa waimbaji wa kanisa kuu la Firenze, na juu yake wamo watoto wakiimba, wakicheza na kupiga ngoma na tarumbeta. Giorgio Vasari, aliyeandika maisha ya mafundi wa Italia katika karne ya 16, asema kwamba Luca alihesabu muda alioutumia katika marumaru, akahesabu na malipo aliyopata, akaona faida ni ndogo na taabu ni kubwa. Akageukia udongo.

Lakini udongo mtupu unayo aibu yake: hunywa maji, huchafuka, na rangi yake huchujuka. Luca akatafuta njia ya kuuvika ngozi ya kioo, kama ile ngozi nyeupe yenye kung'aa mnayoiona katika vikombe vya chai. Sanamu ilichomwa mara ya kwanza, ikapakwa unga uliokorogwa kwa maji, kisha ikarudishwa katika tanuru mara ya pili. Unga ule uliyeyuka, ukageuka kioo, ukashikamana na udongo hata leo. Mwaka 1442 kazi za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kuonekana katika makanisa ya Firenze, na nyingi zingali ziking'aa kama siku ile zilipotoka motoni.

Sikilizeni sasa unga ule ulikuwa na kitu gani ndani yake. Weupe wa Mama na Mtoto ulitoka katika bati pamoja na risasi. Ubichi wa majani ulitoka katika shaba. Na ule ubuluu wa mbingu, ulio nyuma ya karibu kila sanamu ya Luca, ulitoka katika kobalti. Naam, shaba, bati na kobalti! Ni mali zilizo katika ardhi ya Katanga tangu kuumbwa kwake. Kobalti ya Ulaya wakati ule ilichimbwa katika milima ya Ujerumani. Wachimbaji wa huko waliliogopa jiwe lake, kwa maana walipolichoma halikutoa fedha, ila moshi wenye sumu. Wakadhani limerogwa, wakaliita kwa jina la pepo wa mashimoni, na kutoka hapo likaja jina kobalti. Tazameni basi: jiwe lile lile ambalo wachimbaji walidhani ni la pepo, fundi mkristu alilisaga, akapaka kwalo mbingu nyuma ya Mama wa Mungu. Jiwe halikuwa na pepo tangu mwanzo. Vitu vyote alivyoviumba Mungu ni vyema. Ubaya hutoka katika matumizi.

Mojawapo ya sanamu hizo imo katika nyumba ya makumbusho iitwayo Bargello, huko Firenze. Maria ni mweupe, na nyuma yake ni buluu. Amemshika Mtoto kwa mikono yake, na Mtoto ameshika tunda. Mtoto hana nguo. Mkristu asishangae jambo hili. Fundi alitaka kusema kwamba Mwana wa Mungu alikuwa mtu kweli, mwenye mwili kama wetu, aliyeogeshwa na kufungwa nguo kama watoto wetu. Na tunda lile latukumbusha tunda la Adamu: kilichopotea kwa mkono wa Adamu kimerudishwa kwa mkono wa Mtoto huyu. Katekisimu nzima ya wokovu imeandikwa katika ubao mmoja wa udongo, na asiyejua kusoma huweza kuisoma.

3. Zawadi ya fundi kwa daktari

Mafundi wa Firenze walitumia pia kalibu. Kalibu ni chombo kitupu chenye umbo ndani yake. Ukitia udongo au chokaa laini, ukatoa, umbo limehamia. Ninyi mwatumia kalibu ya mti kufyatua matofali. Wao walitumia kalibu kufyatua Mama na Mtoto. Sanamu moja nzuri ilizaa kumi, hata mwenye mali kidogo alipata yake.

Katika mji huo alikuwapo fundi mkuu kuliko wote, jina lake Donatello. Alipokuwa mzee wa miaka kama 70 aliugua, akatibiwa na daktari Giovanni Chellini. Daktari huyo alikuwa na desturi ya kuandika katika daftari mambo yake yote. Tarehe 27 Agosti 1456 aliandika kwamba Donatello, kwa ajili ya matibabu yale, amempa sanamu ya mviringo, ukubwa wake kama sahani ya mti, na ndani yake Bikira Maria na Mtoto wake pamoja na malaika wawili kila upande. Yote ilikuwa ya shaba iliyochanganywa na bati. Kisha daktari akaongeza neno la ajabu: upande wa nyuma ilikuwa imechimbwa kwa umbo lile lile, ili mtu akimimina kioo kilichoyeyuka, apate sura zile zile zilizo upande wa mbele.

Sanamu hiyo ingaliko. Upana wake ni sentimita 28 na nusu, nayo tangu mwaka 1976 imehifadhiwa katika Victoria and Albert Museum, mjini London. Fikirini maana ya zawadi ile. Donatello angaliweza kumpa daktari sanamu ya kufungia kabatini, asiione mtu mwingine. Badala yake alimpa sanamu iliyo pia kalibu. Alimpa Mama na Mtoto wa kumtazama, akampa na njia ya kuwapa wengine. Mtu akijua kwamba sanamu moja huzaa nyingi, na kwamba zote ni sawa, hawezi kudhani nguvu imefungwa katika ile shaba. Kama nguvu ingekuwa katika shaba, ingewezaje kuhamia katika kioo? Kinachohama ni sura, na sura hutupeleka kwa mwenye sura.

4. Onyo la Padri Dominici, na nyoka wa shaba

Sasa turudi kwa yule Padri Dominici, kwa maana ushauri wake ulikuwa na upande wa pili. Aliyesema wekeni sanamu nyumbani ndiye aliyeonya pia: msizipambe mno kwa dhahabu na fedha. Alisema kwamba mtoto akiona watu wanawasha mishumaa mingi na kupiga magoti mbele ya sanamu iliyopakwa dhahabu, huku ile ya zamani iliyoingia moshi imeachwa peke yake, mtoto huyo atajifunza kuheshimu dhahabu, wala si yule aliyeonyeshwa na sanamu. Atakuwa mwabudu sanamu kabla hajawa mkristu.

Ndugu zangu, tulishike onyo hilo. Mtu akisema, "Maria wa parokia ile kubwa husikia zaidi kuliko Maria wa kijiji chetu, kwa sababu ule ni mrefu na umetoka Ulaya," mtu huyo amekwisha potea. Maria ni mmoja. Yuko mbinguni. Karatasi iliyoingia moshi wa jiko lako humwonyesha sawasawa na marumaru ya makanisa makuu.

Maandiko Matakatifu yatupa mfano unaowafaa sana watu wa nchi ya shaba. Wana wa Israeli walipoumwa na nyoka jangwani, Mungu alimwamuru Musa atengeneze nyoka wa shaba na kumweka juu ya mti. Kila aliyemtazama alipona. Hivyo Mungu mwenyewe, aliyekataza kuabudu sanamu, aliagiza sanamu itengenezwe. Lakini nani aliyeponya? Si shaba, bali Mungu, ambaye watu walimtii kwa kuinua macho. Baada ya miaka mamia, watu walisahau. Wakaanza kumfukizia ubani yule nyoka kana kwamba ni mungu. Ndipo mfalme Hezekia alipomvunja vipande vipande, na Maandiko yanamsifu kwa tendo hilo. Shaba ni ile ile. Ilipokuwa ishara ya kumwelekea Mungu, ilikuwa njema. Ilipochukua mahali pa Mungu, ilistahili nyundo.

5. Misalaba ya shaba katika nchi yetu

Hatuna haja ya kwenda jangwani kwa Musa tu. Katika nchi yetu wenyewe mambo haya yameonekana.

Kabla viwanda vya Shituru havijaanza kusafisha shaba mwaka 1929, katika mji uliokuwa ukiitwa Jadotville hata mwaka 1966 na ambao leo ni Likasi, wazee wa Katanga walikuwa wameyeyusha shaba kwa miaka mamia. Wakati wa kiangazi walichimba jiwe la kijani, wakajenga matanuru kwa udongo wa vichuguu, wakavuta mivukuto, wakamimina shaba katika kalibu. Kilichotoka kilikuwa na umbo la msalaba. Misalaba hiyo ilikuwa mali ya biashara. Pale Sanga, karibu na ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale waliikuta katika makaburi, imewekwa pamoja na maiti. Je, wazee wale walikuwa wakristu? Hapana. Msalaba wao ulikuwa fedha yao, si mti aliosulibiwa Kristu. Basi mnaona: umbo peke yake halitoshi. Msalaba wa shaba usio na habari ya Kristu ni shaba tu.

Mfano wa pili watoka upande wa magharibi. Mwaka 1491, wakati mafundi wa jamaa ya Luca walipokuwa wakifanya kazi huko Firenze, mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa katika mji wake wa Mbanza Kongo, ulio leo katika nchi ya Angola. Katika karne zilizofuata mafundi wa Kongo walijifunza kusubu misalaba ya shaba ya njano, na sura ya Kristu waliyoitokeza juu yake ilikuwa sura ya mtu mweusi. Walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Mafundi wa Firenze nao walimpa Maria sura ya mwanamke wa Firenze. Kila taifa humpokea Mama na Mwanawe kama watu wa nyumbani. Lakini baadaye mapadri walipungua, mafundisho yakapungua, na misalaba ikabaki mikononi mwa machifu. Mingine ikafanywa alama ya uchifu na ya kukata mashauri. Mingine ikatumiwa ili kupata bahati katika uwindaji. Kazi ya fundi ilikuwa nzuri, ila sanamu haiwezi kujieleza yenyewe. Palipo na sanamu pasipo na mafundisho, hirizi huingia kwa mlango wa nyuma.

6. Fundisho la Eklezya

Sasa tuweze kumjibu jirani yetu. Mwaka 787 maaskofu walikusanyika katika mji wa Nikea, baada ya watawala kuvunja sanamu nyingi na kuwatesa waliozitunza. Mtaguso ule ulifundisha kwamba kuabudu ni kwa Mungu peke yake. Sanamu hupewa heshima tu, na heshima hiyo haikai katika mti wala katika rangi, bali hupita na kumfikia yule aliyeonyeshwa. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento ulirudia fundisho hilo, ukasema wazi kwamba ndani ya sanamu hamna uungu wala nguvu ambayo kwayo tungeweka tumaini letu humo.

Na kwa nini twaweza kumchora Mungu, naye haonekani? Mtakatifu Yohane wa Damasko, aliyeishi kabla ya Mtaguso wa Nikea, alitoa sababu. Zamani Mungu hakuonekana, hivyo hakuweza kuchorwa. Lakini alipojitwalia mwili katika tumbo la Bikira Maria, alionekana, akashikwa, akanyonyeshwa. Kwa hiyo sanamu ya Mama na Mtoto ndiyo sababu yenyewe ya sanamu zote za wakristu. Anayekataa kwamba Mtoto yule aweza kuonyeshwa, ajihadhari asije akakataa kwamba alizaliwa kweli.

Basi mwambieni jirani hivi, kwa upole: "Ndugu, mwanao akiwa mbali katika kazi ya mgodi, nawe ukaitazama picha yake na kulia, je, waililia karatasi?" Atafahamu.

7. Watoto wa udongo na watoto wa mwili

Neno la mwisho ni zito kuliko yote. Watu wa Firenze hawakuishia katika kutazama. Chama cha wafanya biashara ya hariri kilijenga nyumba kubwa ya kupokea watoto wachanga waliotupwa, na fundi Filippo Brunelleschi alianza ujenzi wake mwaka 1419. Nyumba iliitwa kwa jina la Watoto Wasio na Hatia, wale waliouawa na Herode. Tarehe 5 Februari 1445 mtoto wa kwanza alipokelewa, msichana. Akaitwa Agata, kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya mtakatifu huyo. Mwaka 1487 Andrea della Robbia, mtoto wa ndugu yake Luca, alitengeneza sanamu za mviringo za kuwekwa mbele ya nyumba hiyo, juu kati ya matao. Kila moja yaonyesha mtoto mchanga mweupe juu ya buluu ya kobalti, amefungwa nguo za kitoto, mikono imefunguliwa kama aombaye kubebwa.

Tazameni jinsi mambo haya yalivyofuatana. Kwanza watu walimtazama Mtoto mmoja mapajani mwa Mama yake. Kisha, kwa buluu ile ile na udongo ule ule, wakawatazama watoto wasio na mama. Heshima ilipita katika udongo ikamfikia Kristu, na kutoka kwa Kristu ikateremka kwa watoto waliotupwa. Hiyo ndiyo njia kamili ya sanamu. Ikikomea ukutani, imekatika.

Na sisi je? Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima hutoka sasa katika ardhi ya Kongo, na sehemu yake hutolewa kwa mikono, kwa sururu na magunia. Wamo watoto wanaookota na kuosha mawe hayo wakati wenzao wako shuleni. Wamo mama wanaotwanga mawe na mtoto mgongoni. Mkristu ambaye jioni huwasha mshumaa mbele ya Mama na Mtoto wa plasta, na asubuhi hupita karibu na mama na mtoto wa mwili pasipo kuwasalimu, amfikirie mfalme Hezekia na nyundo yake. Kristu mwenyewe alifundisha kwamba tulilomtendea mdogo tumemtendea yeye. Basi, asiyemwona Mtoto Yesu katika mtoto wa shimoni, atamwona wapi katika udongo?

Wekeni sanamu nyumbani mwenu. Iwe rahisi, iwe safi, iwe mahali pa sala ya jamaa nzima. Mwaelezeni watoto wenu ni nani huyu Mama, na ni nani huyu Mtoto. Kisha mtokapo mlangoni, yatazameni macho ya wale mtakaowakuta njiani.

Maswali na majibu ya kukariri

Swali: Sanamu ya ukutani ni nini?
Jibu: Ni ubao wa udongo, jiwe au shaba ambao sura zimetokeza juu yake, na mgongo wao umeshikamana nao.

Swali: Je, ndani ya sanamu ya Bikira Maria mna nguvu?
Jibu: Hamna. Sanamu ni ishara. Nguvu zatoka kwa Mungu peke yake.

Swali: Je, twamwabudu Bikira Maria?
Jibu: Hapana. Twamwabudu Mungu peke yake. Maria twamheshimu na kumwomba atuombee kwa Mwanawe.

Swali: Heshima tuipayo sanamu yaenda wapi?
Jibu: Yapita katika sanamu na kumfikia yule aliyeonyeshwa nayo.

Swali: Kwa nini mfalme Hezekia alimvunja nyoka wa shaba?
Jibu: Kwa sababu watu walimfukizia ubani badala ya kumwabudu Mungu.

Swali: Nani amezitumia vema sanamu za Mama na Mtoto?
Jibu: Yule ambaye, baada ya kusali mbele yake, huwatendea wema mama na watoto walio karibu naye.